Msomaji wa Pili

Pale kwenye mtambo wa maji walimwita Bi Presha, na si kwamba alikuwa na ugonjwa, ingawa kazi yenyewe ingetosha kumpa. Walimwita hivyo kwa sababu kutwa nzima alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akisoma presha ya bomba kuu, kina cha tangi na kasi ya maji. Ukimkuta chakulani ukamuuliza habari za leo, alikuwa anaweza kukujibu kwa namba bila kujitambua. Watu walicheka, naye alicheka nao, kisha akarudi chumbani kwake na kufunga mlango.

Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama pampu mbili, meza ya chuma, kiti chenye mguu uliofungwa kwa waya, na kompyuta kuukuu ambayo wenzake wa ofisini wakiiona huuliza kama inatumia mkaa. Haikuwa na picha za kubofya. Ilikuwa ya jamii ya Unix: kioo cheusi, maandishi meupe, unaiandikia amri, ikikubali inanyamaza, ikikataa inakwambia kwa maneno mawili. Bi Presha aliipenda kwa hilo. Tangu ndoa yake ivunjike, watu wa maneno mengi walikuwa wanamchosha.

Kila baada ya sekunde mbili mita ya bombani ilituma mstari wa namba kupitia waya mrefu mpaka kwenye tundu la pini tisa nyuma ya kompyuta, tundu ambalo mafundi huliita poti. Herufi zilipita humo moja moja, zimepanga foleni, na programu ikazipokea na kuziandika kwenye faili. Miaka kumi na minne mambo yalikwenda hivyo bila matata. Kisha, wiki tatu nyuma, mistari ikaanza kufika ikiwa na mapengo. Palipotakiwa kusomeka 4.27 pakasomeka 47, na siku nyingine mstari mzima ukawa nukta mbili na sifuri.

Jambo lenyewe lingekuwa la bisibisi tu, kama namba zingepotea kwa haki. Lakini zilipotea zamu ya Bi Presha peke yake. Mwenzake wa zamu ya usiku, bwana mmoja mpole anayesinzia kwa heshima zote, alikabidhi faili la usiku, la saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja na nusu asubuhi, lisilo na pengo hata moja. Jumapili, siku ambayo Bi Presha hupumzika, faili lilikuwa zima. Akirudi Jumatatu asubuhi, mapengo yanarudi naye.

Meneja hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Wiki tatu zilipotimia, Jumatatu, alimwita, akamwonyesha karatasi mbili, ya usiku na ya mchana, akamwambia mitambo haina chuki na mtu. Hakusema kwamba anachezea namba. Hakusema kwamba anaacha kiti na kwenda kuzurura. Alisema tu kwamba ikifika Ijumaa mchana bila kujulikana namba zinakwenda wapi, chumba atapewa mwingine, na yeye ahamie stoo ya mabomba.

Bi Presha alirudi chumbani kwake. Stoo si jela, watu wanafanya kazi humo na wanazeeka salama. Lakini chumba kile kilikuwa cha baba yake kabla ya kuwa chake. Mzee alikaa humo miaka thelathini na mmoja, wakamwita Mzee Pampu, na humo ndimo alimomfundisha bintiye kusikiliza bomba kwa sikio kabla ya kulisoma kwa kioo. Na tuseme ukweli ulivyo: alikotoka asubuhi kulikuwa na kitanda, jiko na redio, na hakukuwa na mtu wa kuuliza kachelewa wapi. Wakimtoa humo, hakujua angejiita nani.

Akaanza kazi siku hiyohiyo. Alibadilisha waya wote, akaunguza kidole akilehemu ncha zake, akaukunja ule wa zamani na kuutupa kwenye pipa. Mapengo yakabaki. Jumanne akahakikisha mita na kompyuta zinazungumza kwa kasi moja, maana mmoja akisema haraka kuliko mwenzake anavyosikia, maneno lazima yaanguke. Kasi ilikuwa moja. Akapekua kumbukumbu za mfumo, mahali ambapo kompyuta huandika malalamiko yake, akitafuta mstari wa kusema kwamba herufi zilifika nyingi mno zikamwagika. Hapakuwa na lalamiko. Mchana akaazima kompyuta ya mkononi ya mhasibu, akaichomekea waya uleule na mita ileile. Namba zikaja safi, mstari baada ya mstari, hadi akatamani kuitukana.

Basi waya mzima na mita nzima. Ugonjwa ulikuwa ndani ya kompyuta yenyewe, au ndani yake yeye.

Jioni ile alipika wali kidogo akaula kwenye sufuria, amesimama. Siku nyingine kama hiyo angempigia baba yake simu. Miaka miwili, tangu mzee astaafu, alimpigia kila siku ya kazi saa mbili asubuhi, akishaiwasha pampu ya pili. "Nimefika, baba." Mzee hujibu, "Haya." Basi, yameisha hayo, kila mtu na shughuli zake. Ukiwasikia ungedhani wanadaiana.

Lakini kulikuwa na ile Jumapili ya wiki tatu nyuma. Alikwenda kumwona, na mzee akamwambia aache kile chumba cha kupanga arudi nyumbani, vyumba vitatu vimekaa bure tangu mama yake afariki. Akasema haipendezi mwanamke mzima kula na redio. Bi Presha, ambaye wiki ile redio yenyewe ilikuwa imeharibika, alimjibu vibaya. Alimuuliza, "Na wewe je, unakula na nani?" Mzee alikusanya sahani zote mbili akaenda nazo jikoni, na hakurudi mpaka bintiye alipoaga mlangoni. Kesho yake saa mbili Bi Presha aliishika simu, akaiona nzito, akairudisha mfukoni. Siku ya pili aibu ilikuwa kubwa zaidi. Baada ya hapo kutopiga ndiko kukawa mazoea.

Jumatano saa nne asubuhi akafanya jaribio ambalo mtu hulifanya akiishiwa. Alichomoa waya wa mita. Akanyoosha kibanio cha karatasi, akakikata kipande, akaunganisha pini ya pili na ya tatu ndani ya tundu, ili chochote ambacho kompyuta itakisema ikisikie yenyewe. Hapo hakuna waya wa kulaumu wala mita ya kusingizia. Unachoandika ndicho kinachorudi.

Akaandika moja mpaka tisa. Zikarudi 1, 4, 5 na 8.

Akaandika tena. Zikarudi nyingine, nazo hazikutimia. Alikuwa amechoka sasa, na mtu akichoka akiwa peke yake huanza kuongea na vitu. Akaandika KUNAMTUHAPO, bila nafasi, vile mita inavyoandika. Kioo kikamjibu KAMUP.

Alilinakili neno hilo kwenye kipande cha karatasi akaliangalia muda mrefu. Herufi haziwezi kuanguka njiani kwenye njia yenye urefu wa kucha. Kompyuta haikulalamika kumwagikiwa. Maana yake zote kumi na moja ziliingia, haikupotea hata moja. Na kama hazikupotea, basi kuna mtu aliyepewa.

Hapo akajipiga kofi la paja. Tundu la namna ile lina tabia moja ambayo alifundishwa siku ya kwanza na akaisahau kwa kutoihitaji: programu mbili zikilisoma kwa wakati mmoja, halimpi kila mmoja nakala yake. Linagawa. Herufi hii yako, ile ya mwenzako, kama anayegawa karata. Ipo amri fupi ya kuuliza nani amelishika tundu. Angeweza kuiandika tangu siku ya kwanza. Ila ili uulize swali hilo lazima kwanza uamini kwamba humo chumbani si wewe peke yako, na yeye hakuwa na shaka kwamba yuko peke yake kabisa.

Akaiandika. Alitegemea jibu moja, yaani programu yake mwenyewe. Yakaja mawili. Akauliza la pili ni la nani, na kompyuta, kwa ukavu wake uleule, ikaandika: pampu.

Lilikuwa jina la baba yake la kuingilia kwenye kompyuta.

Mzee alipostaafu, Meneja aliagiza jina hilo lifutwe, na ile laini ya simu iliyovutwa mpaka nyumbani kwake, enzi za kuitwa kwa dharura, iondolewe. Bi Presha aliitikia sawa. Alikaa akaandika amri ya kufuta, kidole kikafika kwenye kitufe cha mwisho, kikagoma. Mama alikuwa ameshaondoka, mzee ametoka kazini, na sasa aje afutwe na mwanawe kwa kitufe? Akajiambia atafuta kesho, na laini nayo kesho. Mambo ya kesho unayajua. Akainama chini ya meza, akafuata waya wa simu mpaka kwenye kabati la mafagio, akalifungua, na ndani, nyuma ya ndoo, kijisanduku cha modemu, kile kinachopitisha namba kwenye laini ya simu, kilikuwa kinakonyeza taa nyekundu.

Akaiuliza kompyuta kumbukumbu za kuingia na kutoka. Orodha ikashuka. Jumatatu, ile iliyofuata Jumapili ya sahani: aliingia saa moja na dakika arobaini na nne asubuhi, akatoka saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Jumanne hivyohivyo. Jumatano, Alhamisi, mpaka Jumamosi. Jumapili hakuna. Kisha Jumatatu tena. Kila siku aliingia dakika kumi hivi kabla bintiye hajawasili, na akatoka dakika chache baada ya bintiye kuondoka. Bi Presha aliisoma orodha hiyo kutoka juu hadi chini, akarudia, na mara ya pili machozi yakamzuia kumaliza.

Hakuirudisha mita. Alimwomba fundi bomba amwangalizie presha kwenye kipimo cha mshale cha ukutani, akatia kipande cha karatasi mfukoni na kutoka. Nyumbani kwa baba yake ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Ndiyo, ishirini tu. Wiki tatu nzima.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha mara ya pili. Mzee alikuwa amevaa kiatu kimoja, cha pili kakishika mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Alimtazama usoni, kisha mikononi, kama anayemhesabu vidole. "Uko mzima? Mashine imekufa. Tangu saa nne haisemi kitu ila upuuzi. Nilikuwa nakuja."

Aliingia. Kioo cha zamani alichopewa na ofisi pamoja na ile laini, ambacho tangu astaafu kilikuwa kimewekwa uani, sasa kilikuwa juu ya meza ya chakula, upande aliokuwa akikaa mama. Mbele yake palikuwa na kiti kimoja chenye mto, kikombe, miwani na daftari la shule. Bi Presha hakuuliza ruhusa, alilifunua. Mwandiko wa baba yake ulijaa kurasa kwa kalamu ya bluu. Saa 1:56, mara mbili. Saa 1:58, mara mbili. Saa 2:05, mara mbili, mvua.

Alielewa bila kuelezwa. Pampu ya pili ikilala usiku hujaa hewa, na kila mwangalizi huiwasha kidogo asubuhi, akaizima, akasubiri. Mzee Pampu peke yake ndiye aliyekuwa anaiwasha na kuizima mara mbili. Aliita kuikohoza. Hakumfundisha mwingine isipokuwa bintiye, na pale kazini wenzao walilicheka hilo kila siku. Mtu akitazama presha saa mbili asubuhi akaiona inaruka, inashuka, inaruka, inashuka, anajua aliyeshika swichi ni nani.

Mzee alikaa akaanza kuvua kile kiatu kimoja, akawa anajieleza huku anaangalia kamba zake. Alisema hakutaka kumsumbua kwa simu, maana aliona bintiye amechukia. Alitaka tu kujua amefika. Alikusudia kuangalia ile asubuhi tu kisha azime, lakini tangu siku ya kwanza akaacha mpaka jioni, kwa sababu namba zikipita nyumba inakuwa na mtu. Amri aliyoijua ilikuwa moja, ile aliyoandikiwa zamani na waliofunga mtambo, ya kusoma tundu moja kwa moja. Aliona namba zinamjia nusunusu akasema macho yamezeeka, au mashine. Presha aliyoizoea miaka thelathini, hata nusu yake ilimtosha.

Bi Presha akamwambia kwa upole kwamba nusu ile nyingine ilikuwa kwake, na kwamba siku tatu sasa anaitafuta. Akamweleza na habari ya Ijumaa, na stoo, na waya alioutupa. Mzee aliacha kamba za kiatu, akainua kichwa. Yeye alidhani anachungulia tu, na anayechungulia hachukui kitu.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa na tarehe ya leo. Chini ya saa 1:55, mara mbili, palikuwa na herufi kubwa zilizonakiliwa kwa uangalifu, na alama ya kuuliza mbele yake: UNTHAO. Bi Presha akatoa kipande chake cha karatasi, akakiweka kando yake, akashika kalamu ya bluu. Akaziandika upya, moja ya kwake, mbili za baba, mbili za kwake, mpaka zikaisha. Mzee akavaa miwani na kupitisha kidole chini ya mstari.

"Kuna mtu hapo," alisoma. Kidole kilibaki kwenye herufi ya mwisho. "Yupo, mama. Yupo."

Walikunywa chai. Mzee akiwa jikoni alisema, bila kugeuka, bintiye aandike kwenye ripoti kwamba ni waya. Waya wa zamani si uko kwenye pipa? Nani ataubishia? Bi Presha akamkumbusha mwaka ule mota ya pampu ya kwanza ilipoungua, wakati mzee mwenyewe angeweza kusingizia umeme, lakini akaandika kwenye kitabu cha zamu neno moja: nilisinzia. Kitabu kile bado kiko rafuni. Mzee alikoroga sukari muda mrefu kuliko inavyohitaji. Kisha akarudi mezani, akabonyeza vitufe vya kusimamisha programu, akaandika neno la kutoka, na kioo kikabaki cheusi. Alifanya mwenyewe, hakutaka asaidiwe.

Ijumaa Meneja alipata ripoti ya kurasa mbili. Ilisema namba hazikupotea, zilisomwa na msomaji wa pili, na msomaji huyo aliweza kuingia kwa sababu mwangalizi wa zamu aliagizwa kufuta jina lake miaka miwili iliyopita na hakufuta. Chini kulikuwa na faili la Alhamisi, kutwa nzima bila pengo. Meneja aliisoma mara mbili. Akauliza kwa nini hakufuta. Bi Presha akamjibu kwamba ni baba yake. Meneja alitazama dirishani, akasema Bi Presha angeweza tu kuandika ni waya, naye akakubali kwamba angeweza.

Alipewa barua ya onyo, ya pili angefukuzwa. Chumba akabaki nacho. Mchana uleule akalifuta lile jina mbele ya Meneja, na safari hii kidole hakikugoma. Kompyuta ikakubali kwa kunyamaza. Watu wa simu wakaja wakakata laini, wakaondoka na kijisanduku.

Jumamosi alifika saa mbili kasoro dakika nne. Akaikohoza pampu mara mbili, fundi bomba akacheka kama kawaida yake. Akakaa kwenye kiti chenye mguu wa waya, akatazama kioo. Mistari ilishuka mizima, kila namba na nukta yake. Wiki tatu aliyatamani hayo, na sasa alipoyapata chumba kilikuwa kitupu kuliko siku yoyote aliyopata kukaa humo.

Akatoa simu. Iliita muda mrefu kabla haijapokelewa.

"Nimefika, baba."

"Haya," mzee alisema. Kisha, badala ya kukata, akasema kwamba alikuwa amekaa mbele ya kioo. Alisahau kwamba hakionyeshi kitu.

Bi Presha akaisogeza simu sikioni. Alimuuliza kama daftari liko karibu. Lilikuwa karibu. Akaanza kumsomea mstari uliokuwa juu ya kioo: kina cha tangi, nne nukta mbili saba; presha, tano nukta moja; na kasi ya maji. Alisikia kalamu ikikwaruza karatasi upande wa pili.

"Polepole, mwanangu," mzee alisema. "Nisikose hata moja. Hiyo ya mwisho irudie."

Akairudia, na alijua kabisa kwamba mzee aliisikia mara ya kwanza.